Uzi wa Tano wa Gitaa la Mama Mudogo

Kwa nini mtu mwenye sikio kali vile aliuacha uzi mmoja wa gitaa lake ukae umepotea sauti, mwaka baada ya mwaka, bendi baada ya bendi, wakati zile nyuzi nyingine alizikaza kwa uangalifu kila alipolishika?

Mtu huyo alikuwa mama mudogo, yaani mdogo wake mama yangu. Alikaa katika chumba cha nyuma, kwenye nyumba ya kampuni ya migodi tuliyopewa kwa sababu baba alikuwa karani wa ghala. Mimi nilikuwa nimerudi Kolwezi kutoka Lubumbashi, chuo kikuu kikiwa kimefungwa tena, na sikuwa na la kufanya isipokuwa kuuliza. Niliuliza kwa nini mishahara haiji. Nilimwuliza padri anajuaje kwamba mvua imechelewa kwa sababu ya dhambi zetu, na kama watu wa Mutshatsha, ambako ilikuwa imenyesha, walikuwa watakatifu. Mama alisema chuo kimenifundisha jambo moja tu, kuchosha watu. Lakini swali la ule uzi ndilo lililonikalia zaidi. Lilikuwa dogo, lilikuwa mbele yangu kila siku, na niliamini kwamba kitu kidogo namna hiyo lazima kina jibu.

Ulikuwa uzi wa tano ukihesabu kutoka ule mwembamba. Mtu anayejua gitaa anajua ni sauti gani inayotakiwa pale. Wa mama mudogo ulikuwa chini ya hapo, lakini haukushuka kiasi cha kufikia sauti nyingine yenye jina. Siku moja niliibeba sauti ile mdomoni hadi parokiani, nikiiguna njia nzima isinipotee, nikaitafuta kwenye kinanda. Ilianguka kati ya vibao viwili. Mpiga kinanda alinisikiliza, akajaribu huku na huku, akatikisa kichwa.

"Hii sauti haiko," alisema. "Umeitosha wapi?" Yaani nimeitoa wapi.

Nilirudi nikamkuta mama mudogo anapepea makala kwenye mbabula, lile jiko letu la bati lenye matundu.

"Mama mudogo, juu ya nini hii kamba hauikaze?"

"Inakusumbua?"

"Inanisumbua."

"Basi iko inafanya kazi yake."

Nieleze kwanza alikuwa mwanamuziki wa namna gani, maana katika mji wetu mwanamuziki ni mtu anayepiga rumba, aliyevaa vizuri, anayetaja majina ya wakubwa katikati ya wimbo. Mama mudogo hakupiga rumba. Aliweza. Nilimsikia mara moja, akingoja maharage yaive, akipiga sehemu ile ya mwisho ambapo gitaa linakimbia na watu wanainuka kucheza. Aliipiga safi kabisa hata jirani akaweka ndoo chini na kuanza kuyumba. Kisha akaacha katikati, kama mtu aliyeonja chakula akakumbuka hana njaa. "Unaona?" aliniambia. "Ni mwepesi." Hapo dhana yangu ya kwanza, kwamba alipiga vibaya kwa kuwa hakujua kupiga vizuri, ilikufa.

Bendi yake ya kwanza ilizaliwa baada ya vita vya mwaka wa sabini na nane. Wazungu wa kampuni walikuwa wamekimbia na kuacha nyumba wazi, na vitu vyao vilitembea mjini: mapazia, sahani, viatu vya kuteleza kwenye theluji ambavyo hakuna aliyejua matumizi yake. Kwa mama mudogo ilifika kaseti isiyo na jalada. Ndani yake vijana walikuwa wanapiga kelele kwa Kiingereza huku magitaa yakisikika kama yanaanguka kwenye ngazi. Yeye na wenzake watatu wa shule hawakuelewa hata neno moja, na walielewa yote. Baadaye ndipo waliposikia kwamba muziki ule unaitwa panki. Waliushona kwa namna yao: mashati ya mifuko ya kitambaa ambayo kampuni ilitilia sampuli za madini, nyimbo fupi kuliko salamu za mazishi, na maneno juu ya maji yasiyotoka bombani, juu ya mkurugenzi wa shule, juu ya kulazimishwa kuchezea chama asubuhi kabla ya masomo. Walipiga katika ukumbi wa parokia mpaka padri akazima umeme. Wakaendelea bila umeme. Padri akafunga mlango na kuwaacha ndani.

Bendi hiyo ilikufa pale wawili walipoolewa. Ya pili ilianza na mpiga ngoma aliyekuja kutoka ng'ambo ya mpaka, Zambia, na sanduku la sahani za muziki za vijana wa miji ya shaba ya huko, ambao magitaa yao yalilia kama yamejaa nyuki. Huo walikuwa wanauita saikedeliki. Mama mudogo aliueleza kama muziki wa kumlevya mtu ambaye hajanywa. Walichukua tangi tupu la maji, wakatia spika upande mmoja na maikrofoni upande wa pili, hivyo kila sauti ilienda, ikazunguka, ikarudi ikiwa imezeeka. Walipiga kwenye baa moja ya mtaa wa Kasulo. Wateja walisikiliza kwa makini, wakasahau kuagiza bia, na mwenye baa akawaomba waende.

Ya tatu ndiyo niliyoikuta mimi. Haikuwa na nyimbo. Ilikuwa na mabati, nusu ya pipa, na mipira mizito ya chuma ya kusagia mawe, ambayo waliizungusha ndani ya pipa mpaka meno yaume. Juu ya hayo mama mudogo alipiga gitaa, au tuseme alilisumbua. Alikuwa na pete ya chuma iliyotoka kwenye beringi ya mashine. Aliitelezesha juu ya ule uzi wa tano, polepole, kutoka chini kwenda juu, na ilipofika mahali fulani aliliegemeza gitaa karibu na spika. Uzi ulianza kulia wenyewe, bila kuguswa, na ukaendelea kulia mpaka alipoamua basi.

Hakuna harusi iliyowaita. Waliitwa kwenye matanga, kwa sababu wafiwa hawatakiwi kulala, na hakuna aliyewahi kusinzia mbele ya bendi ya mama mudogo. "Hata marehemu anakaa macho," jirani alisema. Kwangu mimi hilo lilikuwa jambo la ajabu kuliko yote: muziki ambao watu walio hai waliukataa katika furaha zao zote, walikuja kuuomba wenyewe, kwa adabu, walipofiwa.

Na katika bendi zote tatu, uzi wa tano ulikaa palepale. Yule mpiga ngoma wa Zambia alimbembeleza aukaze, akakasirika, akarudi akambembeleza tena. Hakusikilizwa.

Niliendelea kutafuta. Nilidhani ni umaskini, kwamba uzi umechakaa na ukikazwa utakatika. Ukakatika kweli, akanunua mpya, akaukaza mpaka mahali palepale pabaya, bila kusita, bila kulinganisha na nyuzi nyingine, kama mtu anayeweka sufuria mahali pake gizani. Kwa hiyo ile ilikuwa sauti anayoijua. Anaijua kutoka wapi?

Nikawaza king'ora cha kampuni, ambacho sote tulikiita sirene. Ni nani katika Kolwezi asingewaza hivyo? Sirene ilituamsha, ilituambia saa sita, iliwatoa baba zetu kazini jioni. Mama alipika bukari, yaani ugali, kwa sirene. Watu waligombana kwa sirene: "Ukifika nyumbani baada ya sirene utanijua." Basi nilikaa uani na gitaa mapajani nikingoja saa sita. Sirene ilipolia, nilipiga uzi. Havikufanana. Sirene ilikuwa juu zaidi, tena ilikuja yote kwa pamoja kama mtu aliyekanyagwa, wakati uzi ulikuwa chini na mpole. Nilirudia jioni, nikarudia kesho yake. Nikaifuta dhana hiyo, nikajivunia kwamba nimeifuta kwa jaribio na si kwa maneno.

Muda si mrefu baadaye sirene yenyewe ilinyamaza. Mgodi mkubwa ulikuwa umebomoka, mashine zilisimama moja baada ya nyingine, mishahara ikawa hadithi. Asubuhi ya kwanza bila sirene mtaa mzima ulichelewa kuamka, na watu walitoka nje wakitazamana, kama wageni waliofika kwenye nyumba na kukuta wenyeji hawapo.

Halafu wakaanza kutafuta wa kulaumu. Redioni wakubwa walisema Katanga, jimbo letu, ni ya Wakatanga. Watu wenye asili ya Kasai, jimbo la jirani, ambao mababu zao waliletwa kufanya kazi migodini, wakaambiwa warudi kwao. Mama na mama mudogo walikuwa wa huko kwa baba na mama. Walizaliwa Kolwezi. Baba yao, babu yangu ambaye sikumjua, alifanya kazi langoni mwa kampuni, na kila nilipomwuliza mama habari zake alisema hivyo tu, alikuwa langoni, kwa hiyo nikajua alikuwa mlinzi. Baba yangu mimi alikuwa Muluba wa kaskazini ya Katanga. Jambo hilo lilinifanya mimi kuwa mtu wa hapa. Mama lilimfanya kuwa mtu wa kufungiwa ndani ya nyumba, mlango ukiwa umefungwa mchana. Kwa mama mudogo, ambaye hakuwa na mume, halikusaidia kitu.

Baba alikuwa mtu wa maneno machache, lakini siku ile aliyatumia yote. Tulikuwa mezani, bukari ikipoa.

"Mulamu," alimwambia mama mudogo, maana ndivyo alivyomwita kama shemeji yake, "sema uko dada yangu. Nani atakataa? Mi niko karani, bananijua."

"Batanijaribu na Kiluba, tata. Ya kwenu na ya kwetu haifanane." Tata ni baba; ndivyo alivyomwita kwa heshima.

"Utanyamaza. Nitasema uko na ugonjwa ya koo."

"Mi? Ninyamaze?" Hata mama alicheka. Kisha mama mudogo akauliza, bila kucheka: "Na mama? Naye utasema ni dada yako?"

Bibi, mama yao, alikuwa anaishi peke yake Kasulo. Wiki ileile watu walikuwa wamevunja madirisha yake na kuandika kwa chaki mlangoni kwamba aondoke. Alikuwa mzee asiyeweza kwenda kisimani, sembuse Kasai. Baba alitazama bukari yake. Hilo ndilo lililokuwa mezani kwetu na hakuna aliyeweza kuligawa: mama mudogo angeweza kubaki katika mji wake na gitaa lake ikiwa angemwacha mama yake aende peke yake. Siku iliyofuata alifunga vitu.

Gare, yaani stesheni ya treni, ilikuwa imejaa. Watu waliambiwa treni itakuja, hakuna aliyeambiwa lini. Walikaa kwenye jukwaa, kwenye mabehewa mabovu, katika madarasa ya shule ya jirani, familia kwa familia, wametenganishwa na makabati na cherehani. Kasai wengi wao waliijua kwa jina tu. Niliwapelekea chakula kila siku, kwa kuwa mama hakuthubutu kutoka. Vijana waliolinda lango walinisimamisha.

"We, unapelekea bilulu chakula?"

Bilulu ni wadudu. Ndivyo walivyowaita. Mmoja wao nilisoma naye shule ya msingi.

"Na weye," nilimwuliza, "wakati ya mitihani ulikuwa unakula kwa mama wa nani?"

Alitazama pembeni, nikapita.

Mama mudogo alikuwa amemketisha bibi juu ya godoro, akaweka gitaa upande mmoja na kikuza sauti upande wa pili, sanduku la mbao alilotengeneza siku za panki kutoka kwenye kabati la redio ya zamani. Habari ilikuja kwamba treni haitachukua mizigo. Sanduku lilipaswa kuuzwa. Mnunuzi alipatikana upesi, mfanyabiashara wa makala kutoka Mutshatsha aliyekuja na kamioneti, gari dogo la mizigo, kununua milango, friji na vitanda vya wanaoondoka. Alitaka kufungua baa.

"Mi siwezi kununua sanduku yenye haisemi," alisema.

"Lete betri," mama mudogo akamwambia.

Akang'oa betri ya kamioneti yake. Mama mudogo akaunga waya. Jua lilikuwa karibu utosini.

"Unataka nipige nini?"

"Kitu yenye kusikilika mbali."

Akatoa ile pete ya beringi mfukoni, akaiweka juu ya uzi wa tano, akalisogeza gitaa karibu na sanduku. Sauti ilianza chini kabisa, mahali ambapo unaisikia kwa tumbo, ikapanda taratibu, ikafika pale pake, ikasimama.

Mzee mmoja aliyekuwa ananyolewa aliinuka, nusu ya kichwa ikiwa na povu. Mwingine akaanza kuvaa mabuti yake ya kazi. Wanawake waliinua vifuniko vya sufuria. Ilienea hivyo, kutoka jukwaani hadi madarasani, watu wakiinuka bila kuulizana, na hapo ndipo mtu akapaza sauti:

"Sirene! Ni sirene!"

"Kampuni imeanza kazi!"

"Bataturudisha! Bataturudisha ku manyumba!"

Walikuwa wanakunja magodoro. Mwanamume mmoja aliinua cherehani, akaiweka kichwani, akaanza kutembea kuelekea lango, na mke wake nyuma yake akikusanya watoto. Nilitazama langoni. Wale vijana walikuwa wanatazamana, hawaelewi watu hawa wameamshwa na nini.

Mama mudogo aliondoa pete. Sauti ikakatika.

"Ni mi, batata," alisema. Sijawahi kumsikia akisema kwa sauti ndogo vile. "Ni gitaa. Munisamehe."

Yule wa cherehani alisimama nayo kichwani. Alisimama muda mrefu, mke wake akiwa ameshika shati lake kwa nyuma, mpaka akachuchumaa na kuiweka chini taratibu kama yai. Kisha kutoka nyuma, yule mzee wa mabuti:

"We mama! Ungesema mbele. Mi na magoti haya, unafikiri kuvaa mabuti ni mchezo?"

Mtu alicheka, wa pili akacheka, kicheko kikapita juu ya uwanja kama upepo juu ya mahindi. Mzee wa povu akasema, "Piga tena. Saa sita haijaisha."

Akapiga tena. Safari hii walijua ni gitaa na bado walisimama, kofia mkononi wengine, wakitazama upande wa mgodi.

Bibi hakuinuka mara zote mbili. Alikuwa amegeuza kichwa upande uleule. Alijinyoosha kitambaa chake.

"Leo amekawia," alisema.

"Nani, nkambo?" nilimwuliza bibi.

"Amekawia."

Nilidhani anamsema dereva wa treni. Sote tulikuwa tunamngoja huyo.

Mfanyabiashara alitikisa kichwa. "Mi nilitaka kitu ya kuita batu ku baa, hii inabaita ku kazi." Lakini alimpa mama mudogo unga na makala, akasema sanduku likae hapo mpaka treni ije, na akamwachia betri nyingine iliyochoka. Tangu siku hiyo gare ilikuwa na saa sita yake. Watu walichota maji kwa sauti hiyo, walipika kwa sauti hiyo. Baba alisema mtaani watu wazima walitoka uani kusikiliza, hata wale waliofurahi kwamba Wakasai wanaondoka.

Mimi sikuridhika. Nilikuwa nimeona jambo. Walioinuka wote walikuwa watu wazima, waliovuka thelathini. Vijana wa umri wangu walibaki wamekaa, ndani ya uwanja na langoni, na mimi mwenyewe sikusikia sirene yoyote katika sauti ile.

"Si sirene," nilimwambia mama mudogo. "Nilijaribu nyumbani kabla haijanyamaza. Sirene ilikuwa juu zaidi."

"Ulijaribu?" Aliniangalia kwa hamu, kama mimi ndiye kitendawili.

"Mara nyingi."

"Na bale batata bote banadanganya?"

"Wanataka kurudi nyumbani. Mtu anasikia anachotaka."

"Ubaki na hiyo jibu," alisema, "kama inakutosha."

Haikunitosha. Kwa nini basi watoto wao, ambao walitaka kurudi nyumbani vilevile, hawakusikia?

Treni ilikuja asubuhi moja, na watu walikuwa wengi kuliko milango. Askari aliyesimama kwenye behewa aliangalia godoro, akaangalia gitaa, akaonyesha kwa kidole: kimoja. Mama mudogo alimpa godoro mwanamke aliyekuwa anabaki kungoja treni nyingine, akakunja nguo zote chini ya bibi, akapanda na gitaa mgongoni. Mfanyabiashara alikuwa ameshabeba sanduku lake. Nilisukumwa mpaka chini ya dirisha.

"Umwambie yaya asilie mbele ya jirani," alisema mama mudogo; yaya ni dada mkubwa, yaani mama yangu.

"Na ile kamba? Niambie sasa."

"Uje uniulize kule."

Sikwenda. Chuo kilifunguliwa, kikafungwa, nikamaliza, nikaanza kufundisha, nikaacha. Tulisikia kwamba bibi alifika Mwene-Ditu, huko Kasai, na kuishi muda wa kutosha kuulalamikia kila kitu cha huko, kuanzia maji. Simu za mkononi zilipokuja nilimpata mama mudogo. Alikuwa anapiga gitaa kanisani. Wazee wa kanisa walikuwa wamemwomba kwa upole aukaze uzi wa tano, naye alikuwa amewaomba kwa upole wamsamehe. Nilimwuliza tena. "Bado tu?" alisema, akacheka mpaka salio langu likaisha.

Baba alifariki, nikarudi kukaa na mama. Kolwezi ilikuwa imegeuka nyingine. Kasulo watu walikuwa wanachimba kobalti ndani ya vyumba vyao vya kulala, na nyumba ile aliyokuwa akiishi bibi, nilisikia, ilikuwa shimo. Kampuni mpya ya wageni ilifungua mgodi karibu nasi na kuweka king'ora chake. Siku ya kwanza kilipolia, mama alikuwa anachambua majani ya sombe, yaani kisamvu. Alikunja uso.

"Hii ya tatu haina adabu," alisema.

"Ya pili, mama. Ilikuwa moja, sasa ni hii."

"Ya tatu. Weye ulikulia na ya umeme. Ile ya kwanza ilikuwa ya hewa, baliitoa weye ukiwa unaanza kutambaa. Ilikuwa inapanda polepole. Mudogo wangu alikuwa anakimbia kupeleka chakula pale, ili aisikie karibu. Siku baliyoileta ya umeme alilia. Alikuwa mukubwa, alilia."

Niliweka chini majani yangu. "Juu ya nini ilikuwa inapanda polepole?"

"Juu tata alikuwa anavuta munyororo polepole. Alikuwa anasema mutu hapashwe kuamshwa na hasira."

"Tata nani?"

Mama aliniangalia kama mtu aliyeulizwa jina lake mwenyewe. Hakuwa ameficha chochote. Katika maswali yangu yote hakuna siku niliyomwuliza babu alikuwa akifanya nini pale langoni.

Babu yangu, aliyeletwa Kolwezi kutoka Kasai akiwa kijana, ndiye aliyevuta mnyororo wa sirene ya kwanza, alfajiri, saa sita na jioni, na kwa miaka yote hiyo mji mzima uliamka, ukala na kurudi nyumbani kwa mkono wake.